Herufi za mwanzo za majina ya mtoto zinatoa neno baya. Nibadilishe jina au niache?

Mama Naliendele (mleta mada)

Habari zenu wana jukwaa, wakubwa wote shikamooni. Nina jambo linaninyima usingizi na naomba mnishauri kwa moyo mweupe.

Nina mimba ya miezi minane, na kipimo kimeonyesha mtoto wa kike. Jina lilishapangwa kabla sijaulizwa: Biasha. Ni la bibi aliyemlea mama wa mume wangu, na mama mkwe alitamka siku nyingi kwamba wa kwanza wa kike ndiye atakayelirithi. Jina lenyewe nalipenda, sina ugomvi nalo. Shida iko kwenye herufi. Jina la mume wangu linaanza na A, la baba yake nalo A. Juzi nilikuwa natia alama kanga na mashuka ya kwendea hospitali, nikachukua kalamu ya wino, nikaandika kwenye ncha ya kanga ya mtoto: B.A.A. Nikaisoma kwa sauti. Nikaisoma tena. Baa, kama baa la njaa, baa la nzige.

Nikachukua daftari nikaanza kupanga herufi nyingine mbele ya A.A., nione kama kuna pa kukimbilia. F inatoa faa, P inatoa paa, S saa, T taa, V vaa, Z zaa, K kaa. Karibu kila herufi inatoa neno! Na katika yote hayo, sisi tumeangukia baa.

Kabla hamjaniambia ni jambo dogo, nisikilizeni. Mimi mwenyewe jina langu linaanza na H, la baba O, la babu I. Nilipokuwa darasa la tano tuliambiwa kila mwanafunzi aje na jembe lake kwa ajili ya shamba la shule. Baba akalichoma jina langu kwenye mpini kwa msumari wa moto, na kwa vile mpini ni mwembamba akaandika herufi tatu tu, H.O.I. Siku ya kukusanya majembe, mwalimu wa zamu akaliinua juu mbele ya paredi akauliza, "Hili la nani, Hoi?" Paredi nzima ikaangua kicheko. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Hoi Taabani. Nikiugua malaria, Hoi. Nikishindwa mbio, Hoi. Jina hilo lilinifuata hadi kidato cha nne, na mpaka leo nikienda sokoni kuna mtu mzima mwenye watoto wake ananiita Hoi mbele ya mume wangu. Baba hakuwa na kosa, alichoma zile herufi kwa upendo na mpini nilikuwa nao hadi ulipovunjika. Ila sitaki binti yangu apite njia hiyo, tena yeye kwa neno zito kuliko langu.

Mama mkwe simwelezi nikaeleweka. Mume anasema niamue mimi, yeye hataki kuingia kati yangu na mama yake. Je, herufi hizi zina uzito kweli, au jembe lile bado linanisumbua?

Mnanyamba

Dada, huko ni kujitafutia presha. Wangapi huku kwetu wanaitwa Shida, Tabu, Sijaona, tena majina mazima wala si herufi, na wameolewa, wamezaa, wanavuna korosho zao vizuri? Mpe mtoto jina la bibi yake, basi.

Mwalimu wa Chuno

Dada, hongera na Mungu akufungulie salama. Mnanyamba, kwa heshima, huyu dada ameeleza kitu kilichomtokea shuleni, na mimi shuleni ndiko ninakoshinda mwaka wa 16 sasa. Nimeyaona.

Nianze na hesabu yako ya daftari, maana umegusa kitu cha kweli kuhusu Kiswahili. Maneno yetu huishia kwa irabu. Kwa hiyo herufi tatu zitasomeka kama neno pale tu ile ya mwisho, yaani ya babu, ikiwa irabu: Ally, Abdallah, Athumani, Issa, Omari, Uledi. Babu akiwa Hamisi, Saidi, Bakari au Mohamedi, unaweza kuweka jina lolote mbele na hakuna neno litakalotoka. Angalia viongozi wetu. Mzee Mkapa wa Lupaso kule Masasi alikuwa B.W.M., Mzee Mwinyi A.H.M., Magufuli J.P.M., Rais Samia ni S.S.H. Hakuna kinachosomeka, ndiyo maana watu walitamka herufi mojamoja na ikawa heshima. Sasa chukua mtoto anayeitwa Nuru Zuberi Issa: umepata nzi. Asha Saidi Issa ni asi. Daudi Uledi Abdallah naye ametoka na dua, kama aliombewa. Wewe na mumeo mmekutana na A mbili mfululizo, na hapo ndipo Kiswahili kina maneno mengi mafupi. Ongeza na J kwenye orodha yako: jaa, pale panapotupwa takataka. Hiyo ni mbaya kuliko yenu.

Lakini niseme nilichokiona. Watoto hawakai wakapanga herufi za wenzao. Neno linazaliwa mtu mzima anapolitamka. Kisa chako kinasema hivyohivyo: majembe yalikuwa mengi, kila moja na alama zake, lililozua jina ni lile mwalimu aliloliinua akalisoma kama neno. Mimi zamani nilikuwa naandika herufi kwenye madaftari ya maksi ili kubana nafasi. Kuna mtoto nilimtoa machozi kwa namna hiyo bila kujua, nikamwita mbele kwa herufi zake tatu. Akawa hanyooshi mkono tena kipindi changu, muhula mzima. Nilimwomba radhi mbele ya darasa lakini jina lilishaenea. Tangu hapo naandika jina la kwanza kamili, hata kama mstari utajaa.

Kwa hiyo uzito upo, dada, ila uko kwenye midomo ya watu kuliko kwenye cheti.

Kijana wa Shangani

Kuna watafiti waliwahi kulichukua swali hili kwa uzito mkubwa, acha niwaletee. Mwaka 1999 watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walipekua kumbukumbu za vifo za jimbo la California. Wakatafuta watu ambao herufi zao za mwanzo zinatoa neno la sifa kwa Kiingereza, kama A.C.E. au V.I.P., na wale ambao zinatoa neno baya, kama P.I.G., ambalo ni nguruwe, au D.I.E., ambalo ni kufa. Wakasema wanaume wenye herufi nzuri waliishi miaka kama minne na nusu zaidi ya wengine, na wenye herufi mbaya walikufa karibu miaka mitatu mapema. Habari hiyo ilisambaa dunia nzima, na bado inarudiwa mitandaoni.

Sasa msiishie hapo. Mwaka 2005 watafiti wengine wawili, Morrison na Smith, walilirudia swali hilohilo. Wakagundua kwamba wale wa kwanza waliwapanga watu kwa mwaka waliokufa. Walipowapanga kwa mwaka waliozaliwa, tofauti yote ikayeyuka.

Ukitaka kuelewa kwa nini, fikiria majina ya hapa kwetu. Somoe ni jina la mabibi, Nasra ni la mabinti wa siku hizi. Ukienda makaburini ukawahesabu waliofariki mwaka huu tu, kina Somoe utawakuta na miaka 80, na Nasra mmoja au wawili waliofariki wakiwa wadogo, kwa sababu Nasra mwenye miaka 80 hayupo bado. Ukitoka pale ukasema jina la Nasra linaua, utakuwa umewaonea. Ni mitindo ya majina iliyobadilika, na herufi zake zikabadilika nayo.

Kwa hiyo dada, kwa upande wa umri na afya ya mtoto lala usingizi. Herufi hazimpunguzii siku hata moja.

Ustadh Mikindani

Assalaam alaykum. Mwenye uzi, Allah akujaalie uzazi mwepesi.

Jambo hili lina pande mbili na nisingependa zichanganywe. Upande mmoja, jina lina haki yake. Mtume, rehema na amani zimshukie, alibadilisha majina mabaya. Imo katika Sahihi Muslim kwamba binti wa Umar alikuwa akiitwa Asiya, kwa maana ya mwenye kuasi, na Mtume akamwita Jamila. (Wenye mabinti wanaoitwa Asia msishtuke: jina la mke wa Firauni aliyeamini linaandikwa kwa alif na sin, na lile la uasi linaandikwa kwa ain na swad. Kwa Kiarabu ni maneno mawili tofauti kabisa, ni herufi hizi za kizungu tu zinazoyafananisha.) Kwa hiyo mzazi anayejali maana ya jina la mwanawe yuko katika mafundisho, asibezwe. Upande wa pili, kuona mkosi katika kitu, tiyara, tumekatazwa. Mtume alipenda fali njema, yaani neno zuri linalompa mtu matumaini, na akaukataa mkosi. Ukimwangalia mwanao ukamwona ana baa kwa sababu ya herufi tatu, umeingia kwenye kile tulichokatazwa.

Tena angalia kitu hiki. Wazee wetu wa Mikindani na Kilwa waliandikiana barua kwa Kiswahili, ila kwa herufi za Kiarabu. Kwa maandishi hayo, Ally huanza na ain. Abdallah huanza na ain. Athumani, Omari, Issa, hata Asha, yote ni ain. Mnazoziona ninyi kama A, O na I, kwa wazee wetu ni herufi moja. Yaani hiyo Hoi yako, kwa mkono wa babu yako ingekuwa ha, ain, ain, na hakuna mtu angeisoma kitu. Ya mwanao ni be, ain, ain. Baa haipo.

Karani wa Chama

Mimi niko Tandahimba, nafanya kazi ya kupokea korosho za wakulima. Nataka kuongeza upande ambao hamjaugusa, nao kwangu ndio wenye maumivu.

Huku wakulima wengi huandika herufi zao kwenye magunia kwa mkaa au kalamu nene. Kijiji kimoja kina S.M.H. sita, maana Saidi, Mohamedi na Hamisi ndiyo majina yetu. Msimu mmoja, kabla sijahamia hapa, gunia nne za mzee mmoja ziliingizwa kwenye jina la S.M.H. mwingine. Mnada ukapita, malipo yakaenda benki, mzee akasubiri hela za ada ya mjukuu na haikuingia kitu. Nilikwenda naye ghalani, akatambua gunia lake kwa kiraka alichokishona mwenyewe kwa kamba ya mkonge. Kiraka ndicho kilichomtetea, herufi hazikumsaidia chochote. Alilipwa, ila mjukuu alishachelewa kuripoti wiki tatu.

Jingine ni hijai. Baba mmoja daftari la chama linamwita Athumani, benki wamemwandika Othman, na cheti cha mwanawe kinasema Uthman. Mtu mmoja, herufi tatu tofauti za mwanzo. Hadija na Khadija, Hamisi na Khamis, Thabiti na Sabiti, ni hivyohivyo. Kusawazisha inabidi akale kiapo kwa hakimu, na nauli ya kwenda na kurudi ni yake.

Kwa hiyo dada, siku ya kumwandikisha mtoto nenda na kitambulisho cha taifa cha mumeo mkononi, mwandikishaji anakili majina herufi kwa herufi kama yalivyo pale. Cheti cha kuzaliwa kwa mtoto wa chini ya miaka mitano kinatolewa bure, kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, usikubali kuzungushwa. Hapo pia utaona kwamba herufi za mwanzo hakuna anayeziuliza. Wanaandika majina matatu kamili. Akikua akapata namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ni tarakimu 20 na nane za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa. Herufi hazimo.

Mzee wa Kitangari

Wanangu, mmeongea vizuri. Mimi ni Mmakonde wa Newala, nimeingia jando zamani. Kwetu kijana akitoka jandoni jina la utotoni aliliacha hukohuko, akatoka na jina jipya, na ukimwita lile la zamani umemvunjia heshima. Mimi la kwanza lilianza na N, nikatoka na jina linaloanza na S. Shule ikabaki na lile la N, kadi zangu nyingine zina la S, na ndiyo maana namwelewa karani. Lakini nataka mwanangu ajue kwamba jina tulilolizoea wazee halikuwa msumari. Mtoto alipewa jina na nyumba, akakua, akapata lingine kwa watu wake. Hata huyo Biasha unayemrithisha, nina hakika kuna jina alilokuwa nalo kabla.

Binti Ruangwa

Dada, mbona njia ipo ndani ya jina lenyewe? Biasha ni Bi Asha. Andikisha Asha kwenye cheti, nyumbani muiteni Biasha kama bibi yake. Herufi zinakuwa A.A.A., hazisomeki vibaya, na mama mkwe hajanyang'anywa kitu. Dada yangu mkubwa jina lake la cheti ni Nuru na sisi sote tumekua tukimwita Binuru.

Mama Naliendele

Nimewasoma wote, mmoja baada ya mwingine, na nimelia kidogo kwa maneno ya mwalimu kuhusu yule mtoto asiyenyoosha mkono. Nilikuwa hivyo.

Binti Ruangwa, wazo lako nililipokea kwa mikono miwili, nikampelekea mama mkwe jioni hiyohiyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akasema, "Asha wako wengi. Aliyenilea mimi aliitwa Biasha." Sikuwa na la kuongeza. Nikafikiria, naye ana jembe lake. Mama yake mzazi alifariki akiwa mdogo, na jina hilo ndilo alilokuwa akiliita usiku akiogopa.

Mzee wangu wa Kitangari, shikamoo. Nilimuuliza mama mkwe kama marehemu Biasha alikuwa na jina lingine. Alikuwa nalo, akanitajia, akaniambia nisiliandike popote. Kwa hiyo ulisema kweli.

Mnanyamba

Dada nilikujibu haraka jana, unisamehe. Nimesoma habari ya paredi nikamkumbuka mdogo wangu, ambaye aliacha shule na hakutuambia sababu mpaka amekuwa mkubwa. Sababu ilikuwa jina.

Mwalimu wa Chuno

Basi muite Biasha, na siku ya kumpeleka darasa la kwanza mfuate mwalimu wake kabla ya paredi ya kwanza. Mwombe jambo moja tu: amwite na amwandike Biasha, asimfupishe. Mwalimu mwenye akili ataelewa kwa dakika mbili. Akija kwangu nitalisimamia mwenyewe.

Mama Naliendele

Wapendwa, narudi kuwapa mrejesho, maana mliniombea.

Mtoto amezaliwa alfajiri ya Alhamisi, kilo tatu na gramu mia mbili, sauti kubwa kama ya baba yake. Sote wazima.

Siku mbili kabla sijaenda hospitali nilimweleza mama mkwe habari yote, ikiwemo ya jembe, kwa sababu nilichoka kuizungukia. Mama hakusoma shule ya serikali, alisoma chuo cha Kurani tu, akahitimu juzuu zake. Akaniambia nimwonyeshe hilo baa lilivyo. Nikamwandikia B.A.A. kwa kijiti kwenye mchanga wa uani. Akaliangalia sana. Akachukua kijiti, na chini yake akaandika yeye majina matatu kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia, polepole, akiyatamka. Akauliza, "Hapa baa liko wapi?" Ustadh, nilikukumbuka. Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea: kwamba kama watu wa siku hizi wanasoma kwa hizi za juu, basi nihakikishe hakuna mahali mjukuu wake anaandikwa kwa vipande. "Aliyenilea alikuwa mzima, huyu naye aandikwe mzima."

Siku ya saba tumefanya akika, jina likatajwa. Jana tulikwenda kuandikisha. Nilikuwa na kitambulisho cha mume mkononi kama karani alivyonielekeza, na vizuri nilikuwa nacho, kwa sababu mwandikishaji alishaanza kuandika jina la babu kwa hijai nyingine. Akafuta, akarudia. Bure, kama mlivyosema.

Mume wangu amenunua ndoo ya kuogea mtoto na ameandika Biasha kuizunguka, herufi kubwa kwa rangi ya bluu. Mimi nashona. Uzi mwekundu, herufi sita kila nguo, na mashuka yameshakwisha. Ile kanga niliyoitia wino, nimeikata ncha yake na kuipinda upya, na ndiyo aliyolalia sasa hivi.